Uzi: Mkoba mdogo wa begani wa kubebea kamera bila kuitangazia stendi nzima (Mtwara na Lindi)

Mleta uzi, Mtwara mjini

Wakuu, salaam. Kuna nyuzi mbili tatu nilizochangia humu nikaahidi kwamba siku moja nitaeleza habari za mikoba ya kamera kwa mazingira yetu ya kusini. Leo nimepata nafasi. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aurudie jioni.

Kwanza mjue naongea nikiwa nani. Napiga picha za harusi, sendofu na mahafali, na siku zisizo na kazi napiga za kwangu: Mikindani, Msanga Mkuu, soko la samaki Feri. Sina gari. Safari zangu ni miguu, bajaji, boda na pantoni. Mwenye gari na msaidizi wa kumshikia vifaa ana uhuru wa kubeba sanduku zima, wala sina ubishi naye.

Kwa miaka kadhaa nilitumia begi la mgongoni, jeusi, kubwa, lenye nembo ya kampuni ya kamera kwa maandishi makubwa. Harusini lilinifaa. Liliponishinda ni kwenye matembezi ya kila siku. Nakumbuka alfajiri moja kwenye pantoni ya Msanga Mkuu, mzee mmoja amekaa pembeni na ndoo yake ya pweza, jua ndiyo linatoka. Nikamwomba nimpige picha, akanikubalia kwa kichwa. Sasa vua begi, lilaze chini palipo pakavu, zungusha zipu, toa kamera, funga tena vitu visimwagike. Pantoni ikageuka, mwanga ukamhama usoni. Nilipiga, lakini picha niliyoiona kwa macho haikuwepo tena. Mpaka leo inaniuma.

Shida ya pili: begi lile lilikuwa linaongea kabla yangu. Ukishuka stendi ya Mkanaledi, dereva wa boda anakuuliza kwa sauti, "Kaka, kamera hiyo shilingi ngapi?" Watu kumi wanageuka. Ukifika sokoni Chikongola, wanaopanga nyanya wanaacha kupanga nyanya, wanakutazama wewe. Sisemi kwamba niliibiwa, sijaibiwa. Ila nilichoka kutembea na tangazo mgongoni.

Ya tatu ndiyo iliyonigharimu. Siku moja maji ya chumvi yalilirukia begi. Nje likakauka haraka, nikaridhika. Kumbe sponji ya ndani imekunywa maji. Kamera ikalala humo wiki mbili. Nilipoitoa, lenzi moja ilikuwa na nyuzi nyeupe ndani ya kioo kama utando wa buibui. Ukungu. Fundi aliusafisha lakini alama imebaki, na ukipiga picha ukiwa umeelekea jua unaiona.

Baada ya hapo nikaanza kutafuta mkoba mdogo wa begani. Haya ndiyo niliyojifunza.

Usianze na mkoba. Anza na vifaa unavyobeba siku ya kawaida, uvipime kwa rula. Vyangu ni kamera ya Canon 250D, lenzi ya 18-55 inayokaa kwenye bodi (yaani kamera yenyewe bila lenzi), lenzi ya 55-250 ya kuvutia mbali, na lenzi ya 50mm f/1.8. Bodi ina upana wa milimita 122, kimo 93, unene 70. Ile 18-55 ikiwa imejikunja inaongeza milimita 62 mbele. Nikiiweka kamera lenzi ikitazama chini, nahitaji chumba cha upana wa sentimita 13, unene 10 na kina kama 14. 55-250 ikisimama ni sentimita 11 kwa 7. 50mm ni kifupi, sentimita 4 tu, kinakaa juu ya 55-250 kukiwa na kipande cha sponji katikati. Ukijumlisha vifuniko vya lenzi na ukuta wa katikati, nafasi ya ndani inakuja sentimita 23 kwa 11, kina 17. Basi. Mkoba wa ukubwa huo ukiuona begani kwa mtu unadhani kabeba daftari na chupa ya maji.

Uzito nao: bodi gramu 449, kisha lenzi zile tatu 215, 375 na 160. Jumla ni kilo 1.2 kabla hujaweka chaja wala betri ya akiba. Mkoba wenyewe ukiwa na kilo mbili, umebeba mkoba, hujabeba kamera.

Kitambaa. Turubai la pamba zito linadumu na halipigi kelele, lakini linakunywa maji. Nailoni inakauka haraka ila ile ya bei rahisi inang'aa na inachakarisha masikioni. Chaguo langu ni turubai lenye kitambaa kisichopitisha maji upande wa ndani. Rangi iwe ya udongo au kaki. Nyeusi inavuta joto, na ukienda nayo Newala ukirudi ina vumbi jekundu ambalo halijifichi.

Zipu za meno ya chuma kwa hewa yetu ya bahari zinakwama ndani ya msimu mmoja. Chukua za plastiki, meno makubwa, uzipake mshumaa mara mojamoja. Ndoano na pete za mkanda ziangalie vizuri: chuma kilichopakwa rangi kinamenyeka na kuanza kutu, shaba inabadilika rangi tu.

Velkro, ile kanda ya kunata na kubandua, nina neno nayo. Nilikuwa napiga picha za ndoa msikitini, shekhe anasoma hotuba, watu kimya. Nikafungua mkoba wa rafiki yangu niliouazima. Kraaaa! Msikiti mzima uligeuka. Tangu siku hiyo kila mkoba ninaoushika naangalia kwanza unafungwaje. Zipo kampuni zinazoshona kipande cha kitambaa cha kukunja juu ya velkro ili isishike ukitaka ukimya, na fundi yeyote wa cherehani anaweza kukuwekea. Bizimu ya kuchomeka ni bora zaidi.

Mkanda uwe wa upana wa sentimita nne au tano, urefu wa kukatisha kifuani. Kwenye boda mkoba unauleta mbele, kati yako na dereva. Usiuache ubavuni upande wa barabara.

Sasa muonekano. Mimi nimechagua mkoba unaofanana na ule wanaobeba makarani wa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), wa kaki, mfuniko wa kuangukia mbele, hauna nembo. Huku kwetu msimu wa korosho mikoba hiyo imejaa kila mahali, nani atakutazama? Nataka kushona mwingine mpya kwa mtindo huohuo. Kabla sijampa fundi pesa, naomba maoni yenu.

Mdau, Tandahimba

Mkuu umeeleza vizuri ila hapo mwisho umekosea. Mkoba wa karani usiusogelee Oktoba hadi Januari. Malipo ya wakulima yanapitia benki, sawa, lakini mtu anayekuvizia njiani hana habari ya benki. Yeye akiona mkoba wa karani anaona pesa. Unakimbia kuonekana una kamera, unajivika kuonekana una milioni. Vijijini huku wanamjua kila karani kwa sura, na mgeni mwenye mkoba kama ule anaangaliwa mara mbili.

Mdau, Lindi

Nakubaliana na wa Tandahimba. Niongeze la maji. Mimi kazi zangu nyingi ni kuvuka kwenda Kitunda, na mara kwa mara nasindikiza wageni Kilwa Kisiwani. Mnajua magofu ya Kisiwani na Songo Mnara yako kwenye urithi wa dunia tangu mwaka 1981, watu wanakuja na kamera za kila namna. Ukitoka Kilwa Masoko kwa mashua ya tanga, hakuna mkoba wa turubai utakaokuokoa, hata wenye mpira ndani. Wimbi linaingia kwa juu. Unachohitaji ni mfuko wa plastiki nzito wa kuviringisha mdomo. Mkoba wako wote unaingia humo, unaviringisha mara tatu, unafunga. Ukishuka unautoa, mfuko unaukunja unaweka mfukoni. Msimwamini mtu anayewauzia mkoba kwa neno "haupitishi maji". Muulizeni zipu yake je? Mishono je?

Halafu ukifika kwenye magofu ya Msikiti Mkuu au Husuni Kubwa, huna haja ya kujificha, kila mtu ana kamera. Kule shida ni jua, na kupanda na kushuka. Mkoba mdogo unakufaa kwa sababu haukuvuti upande mmoja ukipita kwenye mawe.

Dada, Masasi

Kaka zangu, mnahangaika na jambo ambalo sisi wanawake tulishalimaliza. Mimi napiga picha za sherehe na za watoto mashuleni. Kamera yangu inakaa kwenye mkoba wa kike wa kawaida, mkubwa kiasi, nilioununua mtumba. Ndani nimeweka kifuko cha sponji chenye vyumba vitatu, kinaingia na kutoka. Juu natupia kitenge. Sijawahi kuulizwa bei ya kamera na mtu wa boda hata siku moja.

Lakini siri haiko kwenye mkoba. Iko kwenye kile kifuko. Siku ya harusi nakihamishia kwenye mkoba mzuri unaoendana na nguo. Siku ya shule nakiweka kwenye kapu la ukindu. Nikienda nyumbani kijijini kinaingia kwenye begi la nguo. Mkoba ukichakaa nanunua mwingine wa bei ndogo, kifuko kinabaki kilekile. Kaka mleta uzi, vipimo vyako ni vizuri sana. Ila umpe fundi vipimo vya kifuko, achana na vya mkoba.

Mzee, Mikindani

Wanangu, nimesoma yote. Naomba kuuliza jambo moja. Kwa nini kujificha? Mikindani tumezoea wageni tangu zamani. Livingstone aliondokea hapa mwaka 1866, Wajerumani wakajenga boma lao mwaka 1895, na hadi leo watu wanapita vichochoroni kupiga picha za milango. Anayekuja na kamera wazi tunamkaribisha, tunamwambia huyu fulani, mlango huu wa fulani. Anayetoa kamera kwenye kapu la ukindu ghafla, huyo ndiye anayetutia shaka. Mtu mzima akijikuta amepigwa picha bila kuulizwa anajiona ameibiwa kitu.

Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu. Nashukuru umeuliza, kwa sababu nimeona hata wengine wanaweza kuuelewa vibaya uzi huu.

Mkoba wa siri ni wa njiani. Ni wa stendi, wa boda, wa kusubiri pantoni, wa kuingia nyumba ya wageni usiku. Nikifika kwa watu, natoa salamu, natoa kamera, naitundika shingoni ionekane, ndipo naomba. Mkoba usionekane, mpiga picha aonekane. Na kuna mahali kamera haitoki kabisa hata iwe ndogo vipi. Mambo ya jando na unyago yana wenyewe. Mapiko, wale wa ngoma ya vinyago ya Wamakonde, wanapocheza hadharani unaweza kuomba, lakini wanapovalia na kujiandaa hapakuhusu. Bandarini na uwanja wa ndege pia usijaribu. Kijana anayenunua mkoba mdogo ili aibie watu sura zao, uzi huu si wake.

Tena mzee, faida kubwa niliyoipata kwenye mkoba wa begani ni heshima yenyewe. Nikiwa na begi la mgongoni, nilikuwa naliinamia begi badala ya kumwangalia ninayeongea naye. Sasa mkono unaingia kiunoni, kamera inatoka, macho yangu hayajamwacha.

Mdau wa Tandahimba, umenizindua. Wazo la mkoba wa karani nimelifuta. Na dada wa Masasi, umenibadilishia mpango mzima, nitakueleza hapo chini nimefanya nini.

Mdau wa Lindi, huo mfuko wa kuviringisha naununua wiki hii. Hapo kwenye mishono uko sahihi kabisa. Kitambaa kinaweza kuzuia maji, sindano ikishapita kimetobolewa.

Mdau mwingine, Nachingwea

Mimi sina vifaa vingi. Nafikiria kuhama kwenda kwenye kamera ndogo zisizo na kioo cha kuakisi ndani (mirrorless). Je, bado nahitaji mkoba wa kamera? Na hii mikoba ya Ulaya inayosifiwa mitandaoni, ya turubai na ngozi, ina maana kwetu?

Mleta uzi

Inategemea. Sony A6400 ni gramu 403, upana sentimita 12, kimo chini ya sentimita 7. Fujifilm X100V, ambayo lenzi yake haitoki, ni gramu 478 pamoja na betri na kadi, unene wake sentimita 5 na kidogo. Mwenye X100V namshauri asinunue mkoba wa kamera kabisa. Afunge kamera kwenye kitambaa laini, aitie kwenye mkoba wowote mdogo alio nao. Mwenye A6400 na lenzi mbili atosheke na kifuko nusu ya changu. Angalizo: usihesabu bodi peke yake. Bodi zimepungua, lenzi za kuvutia mbali bado ni ndefu.

Kuhusu mikoba ya Ulaya na Marekani, ni mizuri, sitaki kusema uongo. Domke ilianzishwa na mpiga picha wa gazeti huko Philadelphia, Jim Domke, miaka ya 1970. Alitaka mkoba laini unaolalia nyonga badala ya sanduku gumu linalokugonga. Billingham wa Uingereza walianza mwaka 1973 wakishona mikoba ya wavuvi wa ndoano, baadaye wakagundua kwamba wapiga picha wa New York wanainunua kwa ajili ya kamera. Habari hiyo niliipenda sana. Mkoba wa mvuvi ukawa mkoba wa kamera kwa sababu ulikuwa unajua maji, unafunguka kwa mkono mmoja, na haukuwa na majivuno. Lakini kwa bei yake mpya, pamoja na kuusafirisha, mimi ningenunua lenzi. Tuige akili yao, mafundi tunao.

Peak Design wana ile ya kifuani ya lita 3 na lita 6, nayo imeshonwa vizuri, ila imeshajulikana. Anayejua kamera akiiona anajua kuna nini ndani.

Dada, Masasi

Mleta uzi usisahau sponji. Ya kwanza niliyoweka ilikuwa ya godoro. Ilibonyea ndani ya miezi miwili, na ilinyonya jasho na mvua.

Mleta uzi

Asante dada, hapo ndipo nilipokuwa naelekea. Sponji ya godoro ina matundu yaliyofunguka, maji yanaingia na kukaa. Ndiyo iliyoniulia lenzi. Inayotakiwa ni ile yenye matundu yaliyofungwa, jamii ya malighafi ya kandambili au mkeka wa kufanyia mazoezi. Unene wa sentimita moja unatosha ukutani. Chini weka mbili, kwa sababu mkoba hugonga chini kila unapoketi.

Nilichofanya ni hiki. Nilinunua mkeka wa mazoezi, nikaukata kwa kisu kikali na rula ya chuma. Nikampelekea fundi anayeshona viti vya bajaji, kwa kuwa mashine yake inapenya kitambaa kinene ambacho cherehani ya kawaida inavunjia sindano. Kitambaa cha ndani nilichagua laini, rangi ya njano iliyopauka. Rangi hiyo ina sababu yake: ndani kukiwa keusi, kifuniko cha lenzi cheusi na betri nyeusi utavitafuta kwa kupapasa. Vigawanyo viwili vinashikwa na velkro, lakini hizo ni za kupanga mara moja, hazifunguliwi msikitini. Juu kuna ulimi wa sponji unaofunika, hauna zipu wala kitu. Kitambaa na ushonaji vilinitoka shilingi 28,000, mkeka pembeni.

Kwa nje kifuko kina sentimita 25 kwa 13. Nimekijaribu kwenye mikoba mitatu. Kwenye mkoba wa turubai wa mtumba, uliopauka, unaofanana na wa mwalimu, kilikaa kama kimezaliwa humo. Kwenye kapu la ukindu la mama kiliingia pia, ila kapu halina mfuniko, linafaa kwa safari fupi tu. Kwenye lile begi langu jeusi la zamani kilibaki kinacheza, kikahitaji nguo za kukibana.

Jambo moja ambalo wengi wanalipuuza: mkoba wa kubebea si mahali pa kulaza kamera. Ukirudi nyumbani, toa kila kitu. Kifuko kianikwe kivulini chenye upepo. Kamera na lenzi zilale kwenye chombo cha plastiki chenye mpira mdomoni, kile cha kuhifadhia chakula, pamoja na chembechembe za kukausha unyevu zile zinazobadilika rangi. Zikibadilika, zikaushe kwa moto mdogo uzirudishe. Mchele msiweke, una vumbi. Ukungu wa lenzi unapenda giza, hewa iliyotulia na unyevu wa zaidi ya asilimia 60, na kwa sisi tunaoishi na bahari dirishani, hasa mvua za Desemba hadi Aprili, hizo zote ukungu unazipata bure ndani ya begi lililofungwa.

Mzee, Mikindani

Nimekuelewa mwanangu. Njiani ujifiche, kwa watu ujioneshe. Ukija huku pita nyumbani kwanza, nikupeleke kwa wenye milango.

Mleta uzi

Nitapita mzee, Jumamosi asubuhi Mungu akipenda. Nitakuja na ule mkoba wa turubai uliopauka. Jioni yake nitabandika hapa picha za kifuko na mchoro wa mkato wa mkeka wenye vipimo vyote, anayetaka ampelekee fundi wake.